Kizimba Tulichoking'oa

Siku tuliyomzika kaka yangu Paschal, wasifu wake ulisomwa kwa dakika tatu. Aliyeusoma ni katibu wa jumuiya, naye aliuandika kadiri alivyoelezwa: alizaliwa mwaka 1981, mtoto wa pili wa Mzee Masanja, alibatizwa na kupata kipaimara katika kigango chetu, alifunga ndoa takatifu na Benedikta, ameacha watoto watatu, wa kwanza Adventina, amefariki akiwa kazini. Kwaya ikaimba, udongo ukaanza kushuka. Neno kizimba halikutajwa hata mara moja, ingawa kila aliyesimama pale makaburini alikuwa analifikiria, na wengi wetu tulikuwa tumekiharibu kwa mikono yetu wenyewe.

Ndiyo maana naandika. Simshitaki mtu. Kuhukumu ni kwa Mungu, na mimi pia nina sehemu yangu, nitaisema mahali pake.

Nyumbani kwetu ni ufukweni mwa ziwa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kibara. Watu wanalima mihogo na pamba, wanavua dagaa na sato, na maji ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia yote yanatoka ziwani. Humo humo wanaishi mamba. Kwa hiyo mahali pa kuchotea maji panazungushiwa kizimba: miti ya mgunga iliyochimbiwa majini kwa nusu duara, imebanana kiasi kwamba mkono unapita lakini mnyama hapiti, na juu imefungwa kwa waya. Akina mama wanaingia kwa upande wa nchi kavu, wanachota na kufua ndani yake. Wakati mwingine mamba anaonekana nje ya miti, amelala kama gogo, na wao wanaendelea na maongezi yao.

Kizimba chetu kilijengwa mwaka 2014, baada ya shangazi yetu Yuliana na binti mmoja wa jirani kuchukuliwa na mamba ndani ya mwezi mmoja. Kaya zilikuwa thelathini na nne, na kila kaya ilileta miti mitano. Wazee waliweka sharti ambalo hata watoto wanalijua: mti wa kaya unaguswa na kaya hiyo tu. Ukioza, mwenyewe anaubadilisha. Ukilegea, mwenyewe anaukaza. Ukiugusa mti wa mwenzako, hata kwa nia njema, na baadaye mtu akachukuliwa pale, damu yake iko juu yako na juu ya nyumba yako. Paroko mmoja wa zamani alijaribu kutueleza kwamba jambo hilo halimo katika imani yetu. Tulimsikiliza kwa heshima, na sharti likabaki. Lilikuwa na faida yake. Hakuna aliyezembea, maana hakukuwa na wa kumfanyia kazi yake, na tangu siku hiyo hatukupoteza mtu mwingine.

Miti ya kwetu aliichimbia Paschal. Baba alikuwa amekwisha kuchoka mgongo. Wakati huo Paschal alikuwa ametoka Buhemba, alikokaa miaka sita kwenye mashimo ya dhahabu, akarudi na goti lililopondwa na jiwe na mfuko mmoja wa nguo. Kabla ya Buhemba alikuwa anacheza mpira. Aliichezea shule, akaichezea timu ya Kibara, beki wa kushoto, na wazee wa Kibara bado wanamkumbuka kwa jinsi alivyokuwa akitembea taratibu kwenda kurusha mpira kana kwamba mechi ni ya kwake. Goti lilipokufa hakulalamika. Alilima mihogo, akalea watoto, akawa mtu wa kunyamaza.

Kisha kikaja Kituo cha Soka cha Ghuba. Mwaka 2020 watu wa kupima ardhi walisimika vigingi vyao upande wa mashariki wa mahali petu pa maji, na kwenye mkutano wa kijiji tulisikia kwa mara ya kwanza maneno utalii wa michezo. Tulielezwa kwamba timu za miji yenye joto hutafuta mahali penye upepo wa baridi pa kuweka kambi. Kwamba zikija zinakuja na madaktari, wazazi na mashabiki. Kwamba wakimaliza mazoezi watapelekwa Serengeti kuona wanyama na Butiama kuona alikozaliwa Mwalimu, na jioni watarudi kula samaki wetu. Wengi walicheka. Lakini yalitimia. Vilijengwa viwanja viwili vya nyasi, bweni la vyumba arobaini, jengo la mazoezi ya viungo na mgahawa unaotazama ziwa. Dorkas, jirani yetu, alipata kazi ya kufua jezi. Benedikta akawa anapeleka sato jikoni kwao. Vijana wa bodaboda walijenga nyumba zao. Mimi ninayeishi Manyamanyama, mjini Bunda, nilipewa tenda ya kushona mapazia ya bweni zima.

Paschal aliajiriwa kubeba magunia ya vipando vya nyasi. Walipanda kwa mkono, kipando kimoja kimoja, watu wamepiga magoti kwa mistari. Wenye magoti mazima waliacha baada ya wiki. Yeye mwenye goti bovu alibaki, na uwanja wa pili ulipokamilika wakamfanya mkuu wa nyasi. Alinionyesha siku moja jinsi anavyojua kama uwanja una kiu. Alivua viatu, akatembea hatua kumi, akageuka kuangalia nyuma. Nyasi iliyoshiba maji inajiinua mara moja baada ya mguu. Yenye kiu inabaki imelala, unaona nyayo zako zote. Alisema kila asubuhi kabla ya kunywa chai anatembea hivyo viwanja vyote viwili. Sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile tangu alipokuwa na miaka kumi na tisa.

Maji ya kumwagilia yalivutwa na pampu iliyokaa ufukweni. Fundi aliyeifunga aliona maji ndani ya kizimba chetu ni safi kuliko popote, akaomba ruhusa, akapitisha mdomo wa bomba la kuvutia katikati ya miti, na mwisho wake akaweka chujio. Kwa shukrani Kituo kilituvutia mabomba mawili ya kijiji. Pampu ikawa moja na koki moja: ukiigeuzia huku maji yanakwenda uwanjani, ukiigeuzia kule yanakwenda kwa akina mama. Koki hiyo aliishika Paschal. Tangu hapo wengi walichota bombani, ila ziwani walishuka kufua, na kuchota pia siku ambazo uwanja ulikuwa na kiu zaidi yao.

Meneja wa Kituo alikuwa Fredi, kijana wa Arusha, mpole, mwenye kukumbuka majina ya watu na ya watoto wao. Mwezi Juni mwaka jana alimwita Paschal, wakasimama pale mgahawani. Mashindano ya vijana yalikuwa yanakuja, timu nane, mbili kati yake kutoka Ulaya pamoja na wazazi wao, na kampuni ya picha ingerusha kamera angani.

"Kaka Paschal, mimi sijui kuzunguka," Fredi alimwambia. "Mgeni akipiga picha ya ziwa, mbele kinaonekana kitu kama zizi la mbuzi lililozama. Anauliza ni nini. Nimjibu nini? Siku tisa tu. Wakiondoka, mnarudisha."

Paschal aliuliza akina mama watachota wapi. Fredi akajibu kwamba bomba la kijiji litatoa maji tangu asubuhi hadi jioni, na mwenye koki ni yeye mwenyewe Paschal, kwa hiyo hofu ni ya nini.

Kabla ya kwenda kwa watu, kaka yangu alikuja kwangu Manyamanyama. Alikaa kwenye kochi amevaa shati la kazi lenye nembo, akanieleza yote, akaniuliza nionavyo. Mapazia yangu yalikuwa yametundikwa kwenye vyumba arobaini, na Fredi alikuwa amezungumzia mashuka. Nikamwambia siku tisa si kitu. Nikamwambia wageni wakifurahi watarudi na kijiji kitapona. Hiyo ndiyo sehemu yangu. Nimeipeleka kwenye kitubio, nimesamehewa, na bado ninayo.

Mkutano ulifanyika nje ya kanisa Jumapili baada ya ibada. Paschal alisema maneno machache kama kawaida yake. Dorkas, ambaye ulimi wake unajulikana mpaka Kibara, aliuliza, "Hao watoto wa kizungu wanaogopaga miti?" Watu wakacheka.

"Miti hawaiogopi," Paschal alisema. "Wataogopa wakijua ni ya nini."

Hapo kicheko kilikwisha. Mwenyekiti wa kitongoji akasema bomba lipo, siku ni tisa, na timu zikienda kwingine jezi nazo zinakwenda kwingine. Dorkas akakubali kwa kichwa. Aliyebaki ni baba. Aliinuka kwa fimbo yake, akaangalia mwanawe tu.

"Nani atakuwa ameigusa miti?"

"Kila mtu atang'oa ya kwake, baba. Hakuna atakayegusa ya mwenzake."

"Mikono nimeielewa. Nauliza mdomo."

Paschal alivua kofia. Kisha akasema, "Mdomo ni wangu."

Baba akakaa. Kwa wageni huenda haya ni maneno tu. Kwetu yalikuwa kiapo. Kwa kuwa ndiye aliyewaomba watu wote wang'oe, alikuwa ameigusa miti mia moja na sabini ya kaya thelathini na nne kwa kinywa chake, na lolote ambalo lingetokea pale majini lilikuwa lake.

Waling'oa Jumamosi. Paschal alitangulia kutoa mitano ya kwetu, na kaya nyingine zikafuata, kila moja ikabeba ya kwake na kuipanga nyuma ya nyumba. Kufikia saa sita mchana ufuko ulikuwa mweupe na mtupu, na Fredi alisimama juu ya mchanga akipiga picha kwa simu, anashukuru kila mtu kwa jina.

Mashindano yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Nilikwenda siku ya fainali. Nyasi zilikuwa zimekatwa kwa mistari, mmoja umekoza, mmoja umefifia, na nyuma ya goli ziwa lilikuwa wazi mpaka unaona visiwa. Mama mmoja wa Kizungu alimwomba Paschal wapige picha pamoja, naye akasimama ameshika kofia kifuani kama mtu aliye kanisani. Picha hiyo ndiyo tuliyoiweka juu ya jeneza.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si Fredi, si wazee, si fundi, ni magugu maji. Miaka yote ile miti ilikuwa inayazuia. Upepo uliyasukuma, yakagota kwenye kizimba, upepo ukageuka, yakaondoka. Miti ilipotoka, siku ya tatu tu yaliingia mpaka kwenye chujio na kuliziba. Pampu ikaanza kukoroma. Kumpata wa kuingia majini kuyatoa haikuwa rahisi. Ryoba, msaidizi wa Paschal, ni mtu wa Tarime, mfugaji. "Ng'ombe nitamfuata popote," alisema, "ila maji ya kunifika kiunoni, hapana, hata kwa ng'ombe wa mahari yangu mwenyewe." Paschal akavua suruali, akaingia. Akaingia tena jioni. Siku zote zilizobaki aliingia asubuhi na jioni, akishika panga, akikata mizizi ya magugu kwenye chujio, na bomba la akina mama halikukauka hata saa moja.

Siku ya kumi watu walijiandaa kurudisha miti. Fredi akaja na habari njema. Picha zilikuwa zimetoka mtandaoni, na timu nyingine nne zilikuwa zimeomba nafasi mpaka mwishoni mwa Septemba. Tena mwenye Kituo alikuwa ameamua kutujengea kizimba cha chuma, cha kisasa, kilichopakwa rangi ya kijani, chenye umbo zuri lisiloudhi macho. Kilikuwa kinachomelewa kwa fundi Musoma. Kingekuwa tayari wiki mbili.

Watu walipiga makofi. Nani angetaka kuchimbia miti ya mgunga inayooza wakati chuma kinakuja? Baada ya wiki ya kwanza jirani mmoja alipasua miti yake kuwa kuni, kwa kuwa ilikuwa imekauka na ilikuwa mali yake. Mwingine akajengea banda la kuku. Agosti ilipofika katikati, nyuma ya nyumba nyingi hapakuwa na kitu.

Wiki mbili zikawa nne, zikawa sita. Fredi hakuwa mtu wa kudanganya kwa kupenda. Kila alipoulizwa alipiga simu Musoma mbele ya muulizaji, akaambiwa wiki ijayo, akasema wiki ijayo. Alimnunulia Paschal jaketi la kuelea la rangi ya machungwa na kamba ndefu ya kujifunga kiunoni, na Ryoba akapewa kazi ya kushika mwisho wa kamba akiwa nchi kavu. Paschal alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wakate miti mipya. Wengine walisema watakata wakimaliza kuvuna. Wengine walisema kupata kibali cha kukata mgunga ni safari. Dorkas alimjibu akiwa anaanika jezi.

"Sisi tunangoja cha kijani, Baba Adventina. Mamba akiiona hiyo rangi atajua hapa ni pa wageni, atapita mbali."

Paschal alitabasamu kidogo, akaenda nyumba ya pili. Hakuwa mtu wa kujitetea.

Mwishoni mwa Agosti nilikwenda kuwasalimu. Nilikuwa jikoni na wifi yangu Benedikta tunachambua dagaa wakati Paschal aliporudi kutoka majini, jaketi lile linachuruzika. Miguu yake ilikuwa imechanika kwa mizizi. Benedikta hakuinua uso.

"Acha bomba likauke," alimwambia. "Siku moja tu, waone."

"Waone nini?"

"Waone kwamba chuma hakijaja. Waone kwamba maji yanatokaga kwenye mwili wako."

Paschal alikaa kwenye kigoda akaanza kufungua kamba. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu mara nyingi, kwamba bomba likikauka saa mbili, saa tatu Dorkas atakuwa ziwani na beseni la jezi, na saa nne watoto watatumwa na ndoo. "Niliwaambia hawatashuka," alisema. "Nisipoingia mimi, wanaingia wao. Nichague nani?"

"Na sisi?"

"Nyinyi mnachota bombani."

Benedikta alimwaga dagaa kwenye ungo, akatoka nje. Mimi nilimwomba kaka yangu aache kazi. Akaniuliza nani atashika koki. Nikasema Mungu atajua. Akanitazama kwa upole, akasema Mungu anajua tayari. Kesho yake niliondoka na gari la asubuhi. Njia nzima nilisali rozari kwa ajili ya chuma kutoka Musoma. Leo najiuliza kwa nini sikuisali kwa ajili ya mtu.

Ilikuwa Jumanne ya tatu ya Septemba. Timu kutoka Nairobi ilitarajiwa Ijumaa. Paschal alitembea uwanja wa kwanza bila viatu, akaona nyayo zake zimebaki, akamwambia Ryoba kwamba nyasi zina kiu na lazima pampu ivute tangu mapema. Waliteremka ufukweni saa kumi na mbili na nusu, jua linachomoza. Usiku upepo ulikuwa umesukuma magugu mengi, kijani kitupu mpaka mbali. Yanayofuata nayaandika kama Ryoba alivyotueleza, na alitueleza mara moja tu.

Alisema Paschal alifika kwenye chujio, maji yakamfika kifuani kwa sababu ziwa lilikuwa limejaa. Alikata magugu, akayatupa pembeni, akakata tena. Akamwambia Ryoba akawashe pampu ajaribu. Ryoba alifunga kamba kwenye kigingi, akapiga hatua kama sita kwenda kwenye pampu. Akasikia maji. Hakusikia sauti ya mtu. Alipogeuka aliona jaketi la rangi ya machungwa linakwenda, linakwenda haraka, katikati ya magugu, kisha likazama, kisha kamba ikakaza. Akaishika akavuta kwa nguvu zake zote. Kamba ikaja. Jaketi likaja tupu. Akaendelea kuvuta mpaka akaanguka chali kwenye mchanga.

Yule aliyesema hataingia maji ya kiunoni aliingia mpaka shingoni, peke yake, bila kamba, akipiga kelele na panga mkononi, mpaka wavuvi wakaja na mtumbwi wakamtoa.

Wavuvi walimpata Paschal siku ya tatu, kwenye matete upande wa magharibi. Sanduku lilifungwa, na hakuna aliyeaga uso. Baba aliomba aoneshwe, wanaume wakamkatalia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona baba akikataliwa jambo.

Fredi alikuja msibani, akapiga magoti mbele ya baba na mbele ya Benedikta, na alilia kweli. Timu ya Nairobi iliahirisha. Wiki ya pili timu nyingine nazo zikaahirisha, wafanyakazi wakapewa likizo, na getini wakaandika kwamba Kituo kimefungwa kwa ukarabati. Nyasi ambazo kaka yangu alizipanda kwa goti bovu zilianza kugeuka rangi ya mkeka. Pampu ilinyamaza, maana hakuna aliyekubali kuingia kwenye chujio. Mabomba mawili ya kijiji yakatoa hewa, kisha hayakutoa hata hewa.

Siku nane baada ya mazishi, lori lilifika kutoka Musoma. Lilileta kizimba cha chuma, vipande kumi na viwili, vizuri kweli, vyenye rangi ya kijani. Dereva na vibarua wake walivishusha kwenye mchanga, wakasema kazi yao ilikuwa kuleta, wakaondoka. Na pale pale vikabaki.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini. Wanaume wapo, nyundo zipo, mahali panajulikana. Lakini chuma kile hakikuwa cha kaya yoyote. Kila mtu alikizunguka, akakisifu, akarudisha mikono nyuma. Ukichimbia kipande kimoja umechimbia ulinzi wa kaya zote thelathini na nne, na akichukuliwa mtu yeyote, wa nyumba yoyote, leo au baada ya miaka ishirini, ni wewe. Tena sasa kila mmoja alikuwa ameona kwa macho kwamba Paschal aliyeigusa miti yote kwa mdomo alilipa. Katekista alisema tuingie wote kwa pamoja, dhambi igawanyike. Mwenyekiti alisema serikali iletwe. Baba alisema yeye angeingia, ila hana mgongo, na mtu hachimbii kwa fimbo. Mkutano ulikwisha bila jibu, na akina mama walianza kushuka ziwani kumi kumi, wengine wanarusha mawe majini huku wenzao wakichota. Nilikuwa mmoja wa warusha mawe. Siku ya nne mbuzi wa jirani alichukuliwa mbele yetu, hatua tatu kutoka kwa Dorkas.

Dorkas ndiye aliyekwenda kwa Benedikta. Nilikuwapo. Aliingia bila kubisha hodi, akakaa chini kwenye mkeka na mikono yake juu ya kichwa, na hakuwa na mzaha. Alisema, "Mama Adventina, sina uso wa kukuomba kitu." Kisha hakuomba.

Wifi yangu alikuwa bado amevaa nguo nyeusi na hakuwa ametoka uani tangu mazishi. Aliinuka, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akateremka ufukweni, na sisi nyuma yake bila kujua anakwenda kufanya nini. Wanaume walikuwa wamekaa kando ya vile vyuma kama walivyokaa kila siku. Alishika kipande cha kwanza kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito, kilimwelemea.

"Kiwekeni," aliwaambia. "Mkono wa kwanza ni wangu. Akienda mtu tena hapa, mtasema ni mimi."

Mzee mmoja alimwambia, "Mkwe, una watoto watatu. Hujui unachokibeba."

"Ninakijua kuliko nyinyi," alisema Benedikta. "Kipo kwenye nyumba yangu tayari. Kikiongezeka kingine hakitapata kiti."

Hakuna aliyesogea. Akaingia majini akiburuza chuma, maji yakamfika magotini, kanga ikaelea. Ndipo Ryoba alipoinuka, akaenda akashika upande wa pili. Baada ya Ryoba wakaingia wavuvi wawili, kisha wengine, maana sasa walikuwa wanamsaidia mwenye mkono wa kwanza, na damu isingekuwa juu yao. Wengine tulisimama ukingoni na mawe. Ilichukua mchana mzima. Jioni kizimba kilikuwa kimesimama, cha kijani, na akina mama wakaingia kuchota mmoja mmoja, kila anayetoka anampita Benedikta bila kumtazama usoni.

Kwa watu wa kitongoji jambo limekwisha. Wanafua, wanacheka tena, Kituo kinasemekana kitafunguliwa kiangazi kijacho na meneja mwingine. Nimezungumza na paroko wetu mpya, naye amekwenda kwa wifi yangu mara mbili kumwambia kwamba Kristo alibeba damu zote na yeye hadaiwi ya mtu. Benedikta anamsikiliza, anamkaribisha uji, anamshukuru.

Lakini kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na tena saa kumi jioni, anateremka na kigoda mpaka ufukweni, anakaa mlangoni mwa kizimba. Anawahesabu wanaoingia na anawahesabu wanaotoka. Haendi shambani kabla wa mwisho hajatoka. Akiugua anakaa Adventina, binti yake wa miaka kumi na minne, na juzi nilimkuta mtoto huyo pale na daftari la shule magotini, halisomi, midomo yake inatembea. Nilidhani anasali. Nikasogea, nikasikia anasema ishirini na sita, ishirini na saba.